Hodi ya Mwanagenzi

Hodi ni neno dogo lenye sheria kubwa. Mtu huipiga mara tatu, naye akikosa jibu hurejea alikotoka bila ya kinyongo. Na mwenye nyumba akiitikia karibu, amejifunga kwa neno lake, maana hawezi tena kumwacha mgeni kizingitini jua likimpiga utosini. Watoto huijua sheria hii kabla ya kujua kusoma. Ugumu huanza mahali ambapo nyumba haina ukuta, mwenyewe hajulikani ni nani, na juu ya mlango pameandikwa kuwa kila mtu anakaribishwa. Je, mgeni wa nyumba hiyo apige hodi kwa nani? Na akikaa siku tatu bila ya kujibiwa, amedhulumiwa, au hakudhulumiwa kwa kuwa hapana mtu aliyemwahidi kitu?

Nyumba ya namna hiyo ipo katika zama hizi, nayo ni kazi ya programu huria za kompyuta. Programu ni maandishi. Mwanadamu huyaandika kwa lugha ya kanuni, na kompyuta huyatii. Programu nyingi za biashara huuzwa huku maandishi yake yamefichwa, kama mganga auzaye dawa na kuficha mizizi. Mwaka 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa Marekani, alitangaza kuwa ataunda programu ambazo maandishi yake yatakuwa wazi kwa kila mtu, na mwaka 1989 ikatoka leseni iliyoigeuza nia hiyo kuwa sheria. Chini ya leseni hiyo kila apokeaye programu ana haki ya kuisoma, kuinakili, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba akiigawa awape wengine haki zile zile alizopewa yeye.

Mtu aliyekulia karibu na kisima cha wakfu hahitaji maelezo marefu ya jambo hili. Kisima kikiisha kuwekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi; mpita njia huteka maji sawa na jirani, na aliyekichimba hana haki ya kumfukuza mtu kwa kuwa hampendi. Lakini wakfu wa programu una sifa ambayo kisima hakina. Ndoo moja ikitekwa, maji yamepungua kwa ndoo moja. Programu ikinakiliwa mara 1,000 haikupungua hata herufi. Kwa hivyo wengi hudhani kuwa katika kazi hii hakuna kitu kinachopungua, na kwa kuwa hakuna kinachopungua, hakuna mtu awezaye kumdhulumu mwenziwe. Dhana hiyo ni kosa, na karibu kila ugomvi wa mlangoni huzaliwa nayo. Kinachopungua ni muda wa watu walioketi ndani.

Hapana budi kutenga mambo mawili ambayo jina la uhuria huyachanganya. Kusoma maandishi na kuyachukua ni haki ya kila mtu. Kutia neno lako katika maandishi yale yale ambayo wengine wote watayachukua kesho ni jambo jingine kabisa, nalo lina walinzi. Mwaka 1991 mwanachuo mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alitoa hadharani mwanzo wa programu iliyokuja kuitwa Linux. Mwaka 1992 aliiweka chini ya leseni ile ya Stallman, na leo huendesha kompyuta na simu zisizohesabika. Hadithi hiyo imewatia shauku vijana wengi wa vyuo, nao husahau sehemu yake ya pili. Kiraka, yaani badiliko dogo analolipendekeza mtu katika maandishi, hakiingii katika Linux ila kimepita mikononi mwa msimamizi mmoja, mara nyingi wawili au watatu, na wasimamizi hao hukataa bila ya haya. Wala hapana hila katika kukataa huko. Kisima cha wakfu nacho huwa na mtu wa kukiangalia, asije mtu akafulia nguo ndani yake.

Sasa atazamwe mwanachuo wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, anayetaka kuingia katika kazi ya OpenMRS. Hii ni programu huria ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa. Ilianzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health, na mji wa Eldoret ni miongoni mwa mahali pa kwanza ilipotumika, mwaka 2006. Mwanachuo huyu ana sababu njema za kuichagua. Yamkini ameona zahanati ambamo karatasi za wagonjwa hutafutwa nusu ya asubuhi, na mgonjwa akaambiwa arudi kesho kwa kuwa jalada lake halionekani. Anaandika barua. Anaanza kwa salamu, anauliza hali, anaeleza kwao na chuo chake, anataja lugha za kompyuta alizojifunza, kisha katika mstari wa mwisho anaomba apewe kazi yoyote. Anangoja. Kimya.

Kimya hicho humwuma kuliko tusi. Kwa desturi za kwao amefanya yote yaliyo wajibu: hakuingilia shida kabla ya salamu, hakujisifu kupita kiasi, amejishusha mbele ya wakubwa. Kwa desturi za nyumba aliyoijia, salamu yake ndefu imeficha kitu walichokuwa wakikitafuta, nacho ni shida yenyewe. Huko watu husema kwanza jambo, na heshima yao hudhihirika katika kutopoteza dakika za msomaji. Hapana upande ulio na adabu na upande usio nayo. Kila upande huwekea adabu yake mahali pake. Lakini yeye ndiye mgeni, na mgeni hujifunza mlango wa nyumba unafunguka kwa ndani au kwa nje.

Barua yake ina upungufu mwingine ambao si wa desturi, na huu ni mzito zaidi. Aliyeomba kazi yoyote amemtwika mwenziwe mzigo wa kufikiri kwa niaba yake: kupima ujuzi wake kutoka mbali, kutafuta kazi inayomfaa, kuieleza, kisha kumngoja. Msimamizi aliyefanya hayo kwa watu 10 hana tena jioni yake. Tofauti huonekana kwa mwanagenzi wa karakana ya seremala. Hafiki mlangoni kutangaza kuwa ana mikono miwili. Hufika alfajiri, akafagia takataka za randa, akatazama. Fundi anapoinua ubao mrefu, kijana hushika ncha ya pili kabla hajaitwa. Hakuna aliyemtahini, naye amekwisha kutahiniwa. Katika programu huria kushika ncha ya ubao ni kuichukua programu, kuijenga katika kompyuta yako mpaka ifanye kazi, kusoma orodha ya makosa yaliyoripotiwa, kuchagua moja dogo, kuthibitisha kwamba bado lipo, na kuandika ulichokiona. Mtu aliyefanya hivyo amepunguza mzigo kabla ya kuongeza wake, na hodi yake haihitaji sauti kubwa.

Wako wanaosema kuwa habari ingekwisha hapa: kazi na iseme yenyewe, na mlango umfungukie aliye hodari. Usemi huu hupendwa sana na watu walio ndani. Una kweli, lakini umeruka hesabu nzima ya yaliyotangulia. Kuijenga programu kubwa kwa mara ya kwanza hudai kupakua faili nyingi, na mwenye kununua intaneti kwa vifurushi hulipa kwa kila hatua, hata ile aliyokosea. Hudai kompyuta yenye nguvu. Aliyeazima ya mwenziwe ana saa mbili tu kabla ya kuirudisha. Umeme ukikatika kazi huanza upya. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na si Kiingereza cha darasani. Ni cha mizaha na vifupisho. Majibu hutoka Marekani wakati wa usiku wa manane wa Afrika Mashariki, na swali dogo linaloweza kumalizika kwa dakika tano za mazungumzo huchukua siku nne. Mwanachuo wa nchi tajiri apandaye ngazi ile ile amepanda kwa viatu. Kazi hujitolea mwenye nafasi ya kujitolea. Na mwenye kazi ya jioni dukani kwa mjomba wake ili alipe ada hana nafasi hiyo, hata akiwa na akili kuliko wote.

Ndiyo sababu fedha zilipoingia katika jambo hili wengi walifurahi. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilianzisha mpango wa kuwalipa wanachuo wafanye kazi katika miradi ya programu huria wakati wa kiangazi. Wa kwanza walikuwa 400 na zaidi. Tangu 2022 mpango huo umepanuliwa, na mtu mzima aliye mgeni katika kazi hii aweza kuomba hata asipokuwa mwanachuo. Malipo hutofautiana kwa nchi. Mwaka 2022 kazi kubwa ya saa 350 ililipwa kuanzia dola 3,000 mpaka dola 6,600, kwa kadiri ya gharama za maisha mahali anapokaa mfanyakazi. Mtu aweza kuuliza kwa haki, iwapo kiraka hakina taifa na kosa lililoondolewa limeondolewa kwa watu wote, mbona mkono ulioliondoa hulipwa kwa kuangalia ramani? Hujibiwa kwamba dola 3,000 zina nguvu Kampala kuliko zilivyo Geneva. Jibu hilo ni la kweli likipimwa kwa unga na kodi ya chumba. Likipimwa kwa kompyuta limeanguka, maana bei ya kompyuta haishuki kwa kuwa mnunuzi ni maskini, aghalabu hupanda.

Lakini malipo yalileta swali la zamani kuliko kompyuta. Kila mwaka, miezi ya kuomba inapokaribia, makundi ya wanachuo huja milangoni ambao hawakuonekana mwezi uliotangulia, na wengi wao hawaonekani mwezi unaofuata. Walikuja kwa ajili ya kazi, au kwa ajili ya ujira na jina la kuandika katika barua ya kuombea ajira? Na kama walikuja kwa ujira na jina, je, walichotoa ni hiba bado?

Watu wa maadili makali hujibu upesi kwamba nia ikichafuka, tendo limechafuka. Kwa mlango wa programu huria kanuni hiyo haifai kitu, hata ikiwa ni kweli mahali pengine. Mgonjwa wa zahanati ambaye jalada lake limeonekana kwa sababu mwanachuo fulani aliondoa kosa hana hasara yoyote ikiwa mwanachuo yule alikuwa akitamani ajira. Tamaa ya ajira si aibu kwa kijana ambaye wazazi wake wameuza ng'ombe ili asome. Kitu kinachoharibu ni faida iliyokatwa shina lake na kutenganishwa na manufaa ya kazi. Mfano wake ulionekana Oktoba 2020. Kampuni ya DigitalOcean ilikuwa na sherehe ya kila mwaka ambamo aliyetuma mapendekezo manne ya mabadiliko alizawadiwa fulana. Mwaka huo miradi mingi ilifurikiwa na mapendekezo ya watu walioongeza neno moja la sifa katika ukurasa wa maelezo, au nafasi tupu, au nukta. Wasimamizi walishinda wakifunga takataka hizo moja moja, na kabla mwezi haujaisha masharti yalibadilishwa ili sherehe ihusu miradi iliyokubali tu. Watu wale hawakuwa wabaya kuliko wengine. Waliambiwa kuwa kinachohesabiwa ni idadi, wakaleta idadi.

Kama nia njema si sharti la kuingia, yafaa kuuliza pia kama nia mbaya yaweza kuonekana. Tukio la programu iitwayo XZ limejibu swali hilo kwa namna ya kutisha. XZ ni chombo kidogo cha kubana faili, ambacho kimo ndani ya kompyuta nyingi duniani, nacho kilikuwa kikitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa Ufini, bila ya mshahara. Mwaka 2021 alitokea mtu, au kundi lililojifanya mtu, kwa jina la Jia Tan. Alikuja kama anavyopasa kuja mwanagenzi: alileta viraka vidogo vizuri, alikuwa mpole, alingoja, alisaidia. Wakati huohuo yalitokea majina mengine yasiyojulikana yaliyomlaumu msimamizi kwa ukawivu wake na kumshinikiza ampe mtu mwingine madaraka. Msimamizi alikuwa amechoka. Alimpa mgeni yule funguo. Mwanzoni mwa 2024 mgeni akatia ndani ya XZ mlango wa siri ambao ungemwezesha mwovu kuingia katika kompyuta za watu bila ya ruhusa. Ulitangazwa hadharani mnamo 29 Machi 2024, na aliyeugundua, Andres Freund, hakuwa akiutafuta. Alishangaa tu kwamba kuingia katika kompyuta yake kulikuwa kumechelewa kwa kama nusu sekunde.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Adabu zote anazofundishwa mwanachuo ili akubaliwe, yaani subira, unyenyekevu, msaada usioombwa, kazi ndogo njema, alikuwa nazo mhaini. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili hapana mwanachuo wa kweli aliyepiga hodi vizuri kuliko yeye. Tangu hapo kila mgeni mwema hutazamwa kupitia kivuli chake, na anayetoka nchi isiyojulikana sana, mwenye jina lisilozoeleka, hutazamwa kwa kivuli kizito zaidi.

Na ikiwekwa kando yake habari ya Heartbleed, mambo huzidi kuwa magumu. Siku ya mwisho ya mwaka 2011, katika programu ya OpenSSL ilindayo siri za mawasiliano ya intaneti, kilipokewa kipande kilichoandikwa na mwanachuo wa shahada ya uzamivu wa Ujerumani. Alikuwa na nia safi na ujuzi wa kutosha, lakini alisahau kupima urefu wa ujumbe mahali pamoja. Msimamizi alikisoma kipande kile, naye hakuliona kosa. Likakaa humo mpaka Aprili 2014, na katika muda wote huo siri za watu ziliweza kuchotwa kutoka kompyuta zilizokuwa zikiitegemea. Mwovu alikuwa akileta zawadi njema kwa miaka, na mwema alileta madhara kwa mstari mmoja. Mtu akitaka kuujua mlango kwa kuuchungulia moyo wa apigaye hodi, matukio haya mawili yamemfumba macho yote mawili.

Tena hakuna haki katika kumlaumu mlinzi peke yake. OpenSSL ilipopatwa na msiba ule, ilikuwa ikipokea michango ipatayo dola 2,000 kwa mwaka, ilhali mabenki, maduka na serikali za dunia zilikuwa zikiegemea ukuta wake. Makampuni makubwa yalichanga fedha baada ya msiba. Hoja ya kwamba leseni haiwalazimishi kulipa ni ya kweli kisheria, na kwa maadili haina uzito wa unyoya. Wakfu haumdai mtekaji bei ya maji, lakini mwenye kuteka kwa bomba usiku na mchana akauza mjini, kisha akamwona mtunza kisima akilala njaa, hawezi kujitetea kwa kusema kuwa kisima ni cha bure. Mlango unaolindwa na mtu mmoja aliyechoka utamfungukia mhaini na kumfungia mwanagenzi, kwa sababu ile ile: hana wakati wa kumtambua yeyote kati yao.

Wako waliojaribu kuupima ulinzi huo kwa njia isiyofaa. Mwaka 2021 ilijulikana kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wamewapelekea wasimamizi wa Linux viraka vyenye makosa ya makusudi, bila ya kuwaomba ruhusa, ili waandike makala juu ya udhaifu wa ukaguzi. Mwezi Aprili mwaka huo msimamizi mmoja mkuu akafunga mlango kwa viraka vyote vya chuo kile. Hasira yake hufahamika, maana alitumiwa kama panya wa maabara, tena katika muda wake aliokuwa akiwapa watu kwa hisani. Lakini katika chuo kile walikuwamo wanachuo ambao hawakujua lolote, nao walifungiwa pamoja na waalimu wao. Mithali husema samaki mmoja akioza wote huoza; ni mithali ya kapu, na watu si kapu. Kufunga mlango mpaka moshi utoke ni busara. Kuufunga daima kwa ajili ya anwani ya mtu ni kumhukumu mtoto kwa jina la mtaa wake.

Siku hizi limeongezeka jaribu jingine. Tangu mashine za akili bandia zilipoenea, kuanzia mwisho wa 2022, mwanachuo asiyeufahamu mradi aweza kuiambia mashine imtungie kiraka au ripoti, na katika dakika chache akawa na maandishi yenye sura ya utaalamu. Mwanzoni mwa 2026 mradi wa curl ulikomesha mpango wake wa kuwalipa waliogundua kasoro za usalama, baada ya kulemewa na ripoti tupu, nyingi zikiwa za mashine. Ubaya hauko katika chombo. Seremala hakulaumiwa alipoacha msumeno wa mkono akatumia wa umeme. Ubaya uko katika kumletea mwenzio kitu ambacho wewe mwenyewe hukukifahamu, ili yeye akifahamu kwa niaba yako. Ni ile barua ya kuomba kazi yoyote, imevaa kanzu mpya. Msimamizi akiuliza kwa nini mstari huu uko hapa, mleta kiraka hana la kujibu ila kurudi kwa mashine; na mtu asiyeweza kujibu swali la kwa nini hana anachokitoa, hata mstari ukiwa sahihi.

Basi anachodaiwa mwanagenzi hakina budi kuwa kitu kinachoweza kuonekana: ajue alichokileta, aseme alikokitoa, na awepo kinapovunjika. Anachodai yeye nacho kinaonekana. Anapokataliwa ana haki ya kupewa sababu, japo kwa mstari mmoja, maana kukataliwa kwenye sababu ni somo na kukataliwa kwa kimya ni ukuta. Hadai kukubaliwa. Hadai kusifiwa. Adai tu kwamba mlango ulioandikwa karibu uwe umeandikwa kwa dhati, na kama wa ndani hawana nguvu za kupokea wageni mwaka huu, waandike hivyo. Kusema hatupokei ni uungwana. Kuacha bango la karibu juu ya mlango uliokomelewa ni uongo, hata kama aliyelisahau hakukusudia.

Jambo moja husahauliwa sana na pande zote mbili, nalo ni kwamba mgeni huja na elimu ambayo wenyeji hawana. Mwanachuo yule wa zahanati anajua kuwa mgonjwa aweza kuwa na majina matatu, lake na la baba na la babu, wala hana jina la ukoo la kujaza katika kisanduku. Anajua kuwa bibi wa miaka mingi hakumbuki tarehe yake ya kuzaliwa ila kwa mwaka wa njaa au wa mafuriko. Na kwa kweli katika OpenMRS imewekwa nafasi ya kuonyesha kuwa tarehe imekisiwa, jambo ambalo halingemjia haraka mtu aliyezaliwa mahali ambapo kila mtoto ana cheti. Anajua kuwa saa moja ya asubuhi si saa saba, na mgonjwa aliyeandikiwa dawa kwa saa isiyo ya kwao aweza kuinywa wakati mwingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuitoa programu ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Watu walioifanya kazi ile waliingia kwa mlango wa lugha, na lugha ni elimu ambayo hakuna msimamizi wa Helsinki wala Indiana angeweza kuwakagua. Katika jambo hilo mwanagenzi alikuwa fundi, na fundi akawa mwanagenzi.

Imesalia habari ya kuondoka. Wasimamizi wengi hulalamika kwamba humfundisha mwanachuo kwa miezi, naye akiisha kupata ujira na cheti hutoweka. Lalamiko hilo lina haki nusu. Mwanagenzi hakuzaliwa abaki katika karakana ya mtu. Hupata kazi, hufiwa, huoa, huhama, huchoka. Aliyetoa hiba hawekewi rehani. Lakini iko namna ya kuondoka. Mmoja huondoka akiwa ameacha kazi katikati, na anayemfuata huchukua muda mrefu kujua alikusudia nini kuliko ambao angeutumia kuanza upya. Mwingine huandika kurasa mbili za kueleza alipofika, kilichomshinda, na anachoshuku, kisha akaaga. Wote wawili wameondoka, na kila mmoja ameacha nyumba katika hali yake.

Chombo kiitwacho Git, alichokitunga Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kwa kila mstari wa programu jina la aliyeutia, siku aliyoutia, na maneno aliyoyaandika kueleza kwa nini. Baada ya miaka 10 mwanachuo mwingine, aliyeketi Eldoret au Mbarara usiku umeme ukiwapo, atafika kwenye mstari asiouelewa na kutaka kumjua aliyeuandika. Ataona jina. Chini ya jina ataona maelezo marefu na wazi, au ataona neno moja tu, marekebisho, na hapatakuwa na mtu wa kumwuliza.